Chepe Kwanza, Kompyuta Baadaye: Maisha ya Kila Siku Kwenye Kambi ya Barafu

Tangu nirudi chuoni, ni watu wachache wanaoniuliza nilikwenda kutafiti nini. Swali la kwanza huwa: "Mlikuwa mnaoga?" La pili ni chakula. La tatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, ni choo. Wasomi wenzangu, nimekuja kuona kwamba hayo ndiyo maswali yenyewe. Kwenye kambi ya utafiti iliyo katikati ya barafu, maji, mlo na choo ndivyo vinavyokula sehemu kubwa ya siku. Sayansi inaingia pale hivyo vitatu vikishakaa sawa. Kwa hiyo nitaeleza kwa mpangilio huo, halafu nitasema kwa nini jambo la mbali hivi linatuhusu sisi tunaokaa karibu na Ikweta.

Kambi ninayoisemea inaitwa EastGRIP. Iko kaskazini mashariki mwa Greenland, kwenye latitudo ya nyuzi 75 na ushee, juu ya barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita mbili na nusu. Inaongozwa na Chuo Kikuu cha Copenhagen, na nchi nyingine kadhaa zinachangia watu, vifaa na fedha. Mimi nilikuwa Denmark kwa shahada ya uzamili, na msimu wa 2022 kikundi chetu kikahitaji mikono ya ziada ya kushughulikia barafu inayotolewa chini. Nikapimwa afya, hadi meno yakakaguliwa, maana jino likiuma kule hakuna wa kuling'oa. Nikakaa wiki tano.

Mahali penyewe

Kufika kule unapanda ndege ya mizigo aina ya Hercules iliyofungwa skii chini ya tumbo, inayoruka kutoka Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland, zaidi ya kilomita 1,000. Inatua kwenye theluji iliyosawazishwa na mashine. Ukishuka, injini bado zinanguruma, unaona vitu viwili tu: weupe chini, bluu juu. Hakuna mti, jiwe wala ndege wa angani. Kama umesahau dawa ya meno, hakuna duka la Mangi. Utaazima kwa mwenzako au utasubiri ndege ijayo.

Mwinuko wa pale ni kama mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ni sawasawa na kufika kituo cha Mandara. Siku mbili za mwanzo kichwa kinagonga na ukipanda ngazi tatu unahema kama mzee.

Jengo kuu ni kuba kubwa jeusi la mbao lenye jiko, meza ya chakula na mahali pa kukaa. Nalo lina skii zake. Lilikuwa kwenye kambi ya zamani iitwayo NEEM, na mwaka 2015 likaburutwa na matrekta juu ya theluji karibu kilomita 450 hadi lilipo sasa. Pembeni yake kuna mahema makubwa, mengine ya kulala, mengine ya karakana. Tulikuwa kama watu 30.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba kambi yote inatembea. Imejengwa kwa makusudi juu ya mkondo wa barafu, yaani mto wa barafu ndani ya barafu, unaoelekea baharini kwa kasi ya zaidi ya mita 50 kwa mwaka. Kwa siku ni kama sentimita 15, pungufu ya shibiri moja. Huisikii hata kidogo. Lakini ukilala leo na kuamka kesho, wewe na kitanda chako na sufuria za mpishi mmeshasogea.

Maji hayatoki bombani

Umezungukwa na maji matamu kuliko karibu mahali pengine popote duniani, na huna hata tone la kunywa. Yote yameganda. Kila siku lazima mtu achukue chepe, aende upande ule upepo unakotokea, mbali na jenereta na vyoo, achote theluji safi na kuijaza kwenye tangi la kuyeyushia. Theluji ni nyepesi, imejaa hewa. Ndoo iliyojaa pomoni ikiyeyuka hupati hata nusu ndoo ya maji. Na kuyeyusha kunataka nishati, nishati inatoka kwenye mafuta, na mafuta yanakuja kwa ndege. Ukipiga hesabu, unaona kikombe chako cha chai kimesafiri zaidi ya kilomita elfu kabla hujatia majani.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: ndiyo, tulikuwa tunaoga. Kama mara moja kwa wiki, dakika chache, na mara nyingi baada ya wewe mwenyewe kuchota theluji. Kwa hewa kavu ya kule na baridi ile, mwili hautoi harufu haraka kama hapa Dar. Tulioishi hosteli maji yakikatika siku tatu tuliyazoea haraka kuliko wenzetu wa Ulaya, siyo siri.

Choo ni kibanda juu ya shimo refu lililochimbwa kwenye theluji. Kiti chake ni cha lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, kwa sababu povu halishiki baridi. Plastiki au chuma ungejuta. Kwa haja ndogo ya nje kuna sehemu moja tu iliyowekewa bendera, na huruhusiwi kwenda kwingine, kwa sababu theluji ya kwingine ni ama maji ya kunywa ama sampuli ya mtu.

Saa moja ya nani?

Sisi tunaotumia saa za Kiswahili tunahesabu siku kuanzia jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana. Sasa jiulize: mahali ambapo jua halichwi kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Agosti, saa moja ni ipi? Jua kule linakuzunguka tu. Mchana liko kusini, usiku wa manane liko kaskazini, limeshuka kidogo, lakini bado linawaka na kivuli chako kipo. Nilikuwa nikiswali kwa kufuata saa za Makka, kwani magharibi ya kuonekana kwa macho haikuwepo.

Matokeo yake, siku inashikiliwa na ratiba ya jikoni. Kifungua kinywa, chakula cha mchana, chakula cha jioni: hivyo vitatu ndivyo asubuhi, mchana na usiku vya kambi. Usipofuata, mwili unapotea. Kuna watu wanafanya kazi hadi saa nane usiku bila kujua, kesho yake wanasinzia wakiwa wameshika msumeno. Kwa hiyo unalazimishwa kulala, kitambaa machoni, ndani ya mfuko wa kulalia, wakati nje kweupe kama saa nne asubuhi.

Kuhudhuria mlo ni usalama pia. Dhoruba ikipiga, upepo unanyanyua theluji na huoni mkono wako. Njia kati ya mahema zimepigwa vijiti vya mianzi vyenye bendera ndogo, na unatembea kutoka kijiti hadi kijiti. Mtu asipoonekana mezani, hakuna anayesema "labda hana njaa." Anatafutwa papo hapo, kwa redio kwanza, kisha kwa miguu.

Mpishi na jasho

Ukiniuliza nani alikuwa mtu muhimu kuliko wote pale, sitataja profesa. Nitamtaja mpishi. Kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri mwili unachoma chakula kama tanuri. Nilikuwa nakula sahani ambayo hapa kantini wangenitazama mara mbili, na bado suruali ikalegea. Nyama na samaki unavitupa tu kwenye ghala la theluji. Kazi ngumu ni kuzuia mayai, vitunguu na nyanya visigande. Ndege ikileta matunda, watu wazima wenye shahada tatu wanashangilia machungwa kama watoto wa chekechea.

Pilipili nilikuwa nimebeba yangu, kichupa kimoja. Kufikia wiki ya pili nilikuwa nimepata marafiki wengi sana.

Kuhusu mavazi, watu hudhani siri ni kuvaa nguo nyingi. Siri hasa ni kutotoa jasho. Ukichimba theluji umejifunika sana, unalowa, na ukisimama kupumzika jasho linapoa na baridi inakushika hadi kwenye mifupa. Ndiyo maana unafundishwa kuanza kazi ukiwa unasikia baridi kidogo. Unavaa tabaka nyembamba kadhaa, unavua moja kabla hujalowa, unavaa tena ukisimama. Glovu unakuwa nazo pea mbili au tatu. Miwani ya giza haivuliwi, kwa sababu mwanga unatoka juu na chini, na theluji inauchoma uso hadi chini ya kidevu. Ngozi yangu hii nyeusi nayo ilibabuka, msidanganyane.

Handakini

Kazi iliyotupeleka haifanyiki juu. Inafanyika kwenye mahandaki chini ya theluji, na namna yanavyojengwa inapendeza. Wanachimba mfereji mrefu, wanalaza ndani yake puto kubwa mno, wanalijaza upepo, halafu mashine inarusha theluji juu yake. Theluji iliyovurugwa ikitulia inashikana na kuwa ngumu. Baada ya siku chache wanatoa upepo, wanavuta puto, na paa la duara linabaki limesimama lenyewe. Hakuna nondo wala saruji. Lakini nalo halidumu, maana uzito wa theluji ya kila mwaka unalibonyeza, na lazima likarabatiwe.

Humo ndani ni baridi ya freza hata jua likiwaka juu, na ndivyo inavyotakiwa. Upande mmoja kuna keekee ndefu ya umeme inayoning'inia kwenye waya wa winchi. Inashuka shimoni, inakata barafu kwa duara, inapanda na mche wenye kipenyo cha kama sentimita 10. Nasema mche kwa sababu unafanana kabisa na mche wa sabuni ya kufulia, ila huu ni wa duara. Shimo limejazwa kimiminika maalumu ili mgandamizo wa barafu usilifunge, na harufu yake inaingia kwenye nguo na haitoki. Keekee ikiwa zaidi ya mita 2,000 chini, safari moja ya kushuka na kupanda inapita saa nzima, kwa ajili ya mita chache tu za barafu.

Kazi yangu ilianzia hapo. Mche unapimwa urefu, unaunganishwa na uliotangulia kuhakikisha mipasuko inakaa pamoja, unachorwa mshale wa kuonyesha juu ni wapi, kisha unakatwa vipande vya sentimita 55. Kila kipande kina namba. Unakifuta, unakipima, unakipitisha kwenye msumeno, unakifungasha, unakiweka kwenye sanduku lisilopitisha joto. Halafu kinachofuata. Halafu kinachofuata. Saa nane kwa siku, vidole vikifa ganzi.

Inachosha, sitaki kudanganya. Lakini fikiria uzito wa ule mshale. Barafu ya kule kwenye kina cha mita 2,100 ilianguka kama theluji karibu miaka 50,000 iliyopita. Mgandamizo umeibana hadi viputo vya hewa vimetoweka machoni, hewa imeingia ndani ya fuwele za barafu yenyewe, na mche unang'aa kama kioo. Ukimulika taa ubavuni unaona mistari ya ukungu, ambayo ni vumbi la nyakati za baridi kali. Mtu akigeuza kipande kimoja kichwa chini bila mshale, historia ya miaka kadhaa inasomeka kinyumenyume, na atakayeipima maabara miaka mitatu baadaye hatajua. Hakuna mtihani wa marudio hapo, kwamba utafanya sapu Septemba. Barafu ile ilitolewa mara moja.

Nani anaosha vyombo?

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kila kiongozi wa bweni alisome. Vyombo vilioshwa kwa zamu, na zamu haikuangalia cheo. Profesa ambaye makala zake tunazinukuu kwenye tasnifu alikuwa amefunga aproni anasugua sufuria, nami nakausha. Kuchota theluji ni zamu. Kusafisha choo ni zamu. Fundi wa jenereta, daktari wa kambi, rubani aliyelala pale kwa sababu ya hali ya hewa, wote wanashika chepe.

Hawafanyi hivyo kwa sababu Wazungu ni watu wazuri kuliko sisi. Wanafanya kwa sababu hesabu haina njia nyingine. Mkiwa 30 na kazi za kuwaweka hai zinataka mikono yote, mtu mmoja anayekwepa anamwongezea mwenzake mzigo unaoonekana. Hapa chuoni tunaweza kujificha. Kwenye kazi ya kikundi watu saba, wawili wanaandika, watano wanatuma majina. Sinki la bweni linajaa wali kwa sababu kila mmoja anajua kuna dada wa usafi. Kule kujificha hakuna, na ndani ya wiki moja kila mtu anajua nani mvivu.

Jumamosi jioni mambo yanabadilika. Watu wanavua makoti yanayonuka kimiminika cha shimo, wanaume wanafunga tai, wanawake wanavaa magauni waliyoyakunja kwenye begi, na kunaliwa chakula cha sherehe. Nilidhani ni utani. Baadaye nikaelewa: pasipo na jua la kuzama, wala Ijumaa ya msikitini, wala Jumapili ya kanisani, wala kelele za mpira kitaani, usipoitengeneza sikukuu wiki zinaungana zote kuwa siku moja ndefu, na watu wanaanza kugombana kwa ajili ya kijiko. Nilivaa kanzu na kofia yangu ya viua. Jumapili asubuhi ni mapumziko.

Kuondoka nako hakuko mikononi mwako. Siku yangu ya safari theluji ilikuwa na joto, ikawa inanata, ndege ikakimbia mara kadhaa bila kupaa. Ikabidi ipunguzwe mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa sisi. Masanduku ya barafu yakatangulia, binadamu tukasubiri siku nyingine.

Inatuhusu nini?

Barafu yote ya Greenland ikiyeyuka, usawa wa bahari duniani ungepanda kwa zaidi ya mita 7. Haitatokea kesho. Lakini swali la ni kiasi gani kitaingia baharini ndani ya uhai wetu linategemea sana jinsi barafu inavyoteleza, siyo inavyoyeyuka tu. Mkondo ule tulioishi juu yake ndio mkubwa kuliko yote ya Greenland. Unakusanya barafu ya zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kisiwa. Ndiyo maana kambi ikawekwa pale: kutoboa hadi chini na kuona kinachoifanya iteleze. Julai 2023, nikiwa nimesharudi nyumbani, keekee ilifika sakafuni, kwenye kina cha kama mita 2,670.

Mimi ni mtu wa Pangani. Kwetu, na pia Dar es Salaam kando ya barabara ya Barack Obama, zimejengwa kuta kuzuia bahari. Mhandisi anayechora ukuta kama ule anahitaji namba: bahari itapanda kiasi gani kufikia mwaka fulani. Namba hiyo inaanzia, pamoja na sehemu nyingine, kwa mtu aliyeganda vidole akichora mshale kwenye mche wa barafu.

Na si kwamba barafu ni jambo la wenzetu pekee. Mwaka 2000, timu ya Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State ilitoboa miche sita juu ya Kilimanjaro, na matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2002. Mizigo ilibebwa na wagumu wetu, vijana wa Kitanzania. Barafu ikaenda Marekani, na barafu iliyobaki mlimani inazidi kupungua. Atakayetaka kuisoma historia ya mvua zetu ndani ya barafu yetu itabidi aombe viza. Hilo silisemi kwa lawama. Bila ile timu tusingekuwa na rekodi hiyo kabisa. Nasema kwa sababu wabebaji tulikuwepo, wasomaji wa barafu hatukuwepo.

Kwa anayetaka kujaribu

Mimi sikuomba kwenda Greenland. Niliomba uzamili kwenye idara yenye kikundi cha utafiti wa barafu, na kikundi ndicho kilichonipeleka. Kwa hiyo tafuta kikundi kwanza, soma kazi zao, mwandikie msimamizi barua fupi inayoonyesha umezisoma. Fizikia, jiolojia, kemia, jiografia, uhandisi wa mitambo na hata udaktari vinaingia. Ufadhili wa masomo upo wa aina nyingi, na ofisi ya mahusiano ya kimataifa hapa chuoni ina orodha. Tatizo ni kwamba tunakwenda kuuliza wiki moja kabla ya mwisho wa maombi.

Na mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa pili, yale tunayoyakimbia kwa sababu bumu limechelewa na basi ni bovu, yafanye kwa moyo. Kwenye usaili wangu hawakuuliza GPA kwa muda mrefu. Waliuliza nimewahi kulala porini na watu nisiowajua, nani alipika, na tulifanyaje gari lilipokwama. Nilikuwa na majibu, kwa sababu nilikwenda.